Gari Lililopanda Mlima Kinyumenyume

Dereva wa Ford Model T, alipofika chini ya mlima mkali ilhali petroli imepungua tangini, aligeuza gari lake mpaka mgongo wake ukaelekea mlimani, akakanyaga pedeli ya katikati, akapinda shingo kutazama nyuma, akapanda kinyumenyume taratibu hata kileleni. Na huko juu, palipo sawa, akageuza tena akaendelea na safari yake kama kwamba hapana la ajabu lililotokea. Jambo hili huandikwa kwa mstari mmoja katika vitabu vingi vya habari za magari, likapitwa. Mimi nimelishuhudia katika njia ya vumbi itokayo Mazeras kwenda Rabai, gari lenyewe likiwa na umri wa karne moja na dereva wake akiwa fundi wa Mombasa aliyekwisha kupita miaka 70, na tangu siku hiyo limenikaa moyoni wala halijanitoka.

Fundi huyo sikumwendea kwa ajili ya habari hii. Nilifika katika karakana yake ya Majengo kwa haja ya gari langu mwenyewe, nikawa nimekaa benchini na wateja wengine nikingoja zamu yangu, niliposikia kutoka nyuma ya turubali mvumo mkali, kama wa nyigu waliofungiwa kibuyuni, ukidumu kitambo kisha ukikatika, kisha ukirejea kwa sauti nyembamba zaidi. Nilipouliza, kijana mmoja wa karakana alinijibu kuwa ni babu anapima koili. Nikainuka. Nyuma ya turubali palisimama gari jeusi lililoinuka sana kutoka ardhini, lenye magurudumu membamba ya mbao na kioo cha mbele kilichosimama wima; na kando yake mzee ameiinamia meza yenye visanduku vinne vya mbao, ndizo koili zenyewe, kila kimoja chaenea kiganjani, na juu ya kila kisanduku pana kipande cha chuma chembamba kinachotetema kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Kutetema huko, alinieleza bila ya kuinua uso, ndiko kunakozaa cheche. Kila silinda ya injini ina kisanduku chake, na visanduku vyote vinne sharti vipatane, kwa kuwa kimoja kikiwa kivivu kuliko wenzake, injini huenda ikichechemea. Alikuwa na mita ya kupimia, lakini aliitumia mwisho, kwanza alisikiliza. Mita humwambia namba, alisema, bali sikio ndilo limwambialo kama visanduku vimepatana.

Kisha alinionyesha jambo la pili, nadhani kwa kuona jinsi nilivyoduwaa kwa la kwanza. Alivirudisha visanduku mahali pake, akapanda akakaa kitini, hakugusa hendeli, hakumwita kijana yeyote kuja kuipiga. Akageuza ufunguo ili umeme utoke katika betri, akausogeza kwa kidole wenzo mmojawapo wa nyenzo mbili zilizo chini ya usukani, na injini ikawaka peke yake. Hapakuwa na staata. Siri yake ni kwamba injini hii, ikizimwa vizuri, huacha ndani ya silinda mojawapo hewa na petroli iliyokwisha kushindiliwa, ikangoja. Cheche ikiipata, hulipuka, pistoni ikasukumwa, na mzunguko ukaanza. Haifanyi hivyo kila mara. Fundi anayeijua injini yake, na aliyeizima mwenyewe jioni, aghalabu hujua asubuhi kama itamkubalia.

Habari za Henry Ford kwa jumla msomaji anazo, kwa hiyo nitazifupisha. Model T ilitoka mwezi wa Oktoba 1908 kwa bei ya dola 850, ikiwa ni kazi ya jamaa ya wastadi ambao miongoni mwao walikuwa Childe Harold Wills na Joseph Galamb, mzaliwa wa Hungaria. Chuma chake kilitiwa vanadi kiwe chepesi na kigumu kwa pamoja. Injini yake ilikuwa ya silinda nne na ujazo wa lita 2.9, yenye nguvu za farasi 20 tu. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, gari likaanza kupelekwa kwa mfanyakazi badala ya mfanyakazi kuliendea, na chasisi iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu kuungwa ikaja kuchukua dakika 93. Watu wakachoshwa na kazi ya kukaza nati ile ile tangu asubuhi hata jioni, wakawa wanaiacha kwa wingi, mpaka Januari 1914 ujira ukapandishwa kuwa dola 5 kwa siku ya saa 8. Bei ilishuka mwaka hata mwaka, na kufikia 1925 gari dogo la watu wawili liliuzwa dola 260. Lilipokoma kuundwa Mei 1927 yalikuwa yamekwisha kutoka kiwandani zaidi ya magari milioni 15, hesabu ambayo haikupitwa na gari la namna moja mpaka mwaka 1972, ilipopitwa na Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo.

Lililonishughulisha mimi ni miguu ya dereva.

Pedeli za gari hili ni tatu, na hakuna hata moja iliyo ya mafuta. Mafuta huongezwa kwa mkono, kwa wenzo ulio chini ya usukani, na wenzo mwenzake huwahisha au hukawiza cheche, kazi ambayo katika magari yaliyofuata ilikuja kufanywa na mashine yenyewe, dereva asijue hata kama ipo. Pedeli ya kushoto ni ya gia: ikikanyagwa mpaka chini, gari huenda kwa gia ya nguvu, ikishikwa katikati, injini huzunguka bure na gari likatulia, ikiachiliwa, gari huingia katika gia ya mwendo. Ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kulia ni breki, nayo haishiki magurudumu, bali hukamata ngoma iliyomo ndani ya gia boksi. Pembeni upo wenzo mrefu wa mkono ambao ukivutwa hushika magurudumu ya nyuma na wakati huo huo huliondoa gari katika gia ya mwendo. Dereva wa zama zetu akiliketia gari hili kwa mazoea yake, akakanyaga pedeli ya kushoto akidhani ni klachi, gari humrukia mbele hapo hapo. Ndiyo maana fundi hamruhusu mtu yeyote kuliwasha kabla ya kukaa kitini, injini ikiwa imezimwa, na kuizoeza miguu yake mpaka isahau ilichokuwa ikikijua.

Ndani ya gia boksi kuna hikima ambayo alinifunulia kwa subira kubwa, akitumia gia boksi nyingine iliyokuwa mezani imefunguliwa. Katika magari mengi ya zama zile dereva alipaswa kuyaingiza meno ya gia moja katika meno ya gia nyingine ilhali zote zinazunguka, na mwenye mkono usiozoea aliyasaga kwa kelele ya kutisha, pengine akayavunja. Hapa meno hayaachani kamwe. Yamekwisha kushikana tangu kiwandani, yanaoga katika mafuta yale yale ya injini, na kilichopo ni ngoma tatu za chuma zilizopangana, kila moja imezungukwa na mkanda wa chuma uliovikwa kitambaa kinene cha pamba. Pedeli ikikanyagwa, mkanda hukaza. Ngoma ikikazwa husimama. Na kusimama kwa ngoma moja au nyingine ndiko kunakoyageuza mazunguko ya gia zilizomo, zikazaa mwendo wa polepole, au mwendo wa nyuma, au kusimama. Pamba ndiyo iliwayo. Pamba ikiisha, fundi hufungua kifuniko kilicho juu ya gia boksi, akaitoa mikanda, akaivika upya kwa riveti, na jambo hili dereva hodari wa zamani aliweza kulifanya kando ya njia. Zaidi ya hayo, mzee alinieleza, dereva aliyeona pamba ya breki imekwisha hakuwa amepotea, kwani aliweza kukanyaga pedeli ya kurudi nyuma taratibu na ile ngoma ikamzuilia gari. Na wengi walifanya hivyo kwa makusudi, wakizigawia ngoma zote uchakavu kwa uadilifu.

Sasa ndipo tufike mlimani. Gari la namna hii, la watu watano, lina tangi lake chini ya kiti cha mbele, na petroli haisukumwi na pampu yoyote: huteremka kwa uzito wake mwenyewe kutoka tangini mpaka kwenye kabureta. Katika njia ya sawa tangi liko juu ya kabureta, na mambo ni salama. Lakini pua ya gari ikiinuka, kabureta huinuka pamoja nayo, na tangi, ambalo liko nyuma yake, hubaki chini. Na petroli ikiwa kidogo, hufika daraja ambayo haiwezi tena kuteremka kwa sababu mteremko wenyewe umekwisha kupinduka. Injini hukohoa, kisha hufa. Gari likipewa mgongo wake mlimani, tangi huwa juu na injini huwa chini, na petroli, hata iwe kikombe kimoja, huijua njia yake.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ndiyo iliyoandikwa mara nyingi. Ya pili ilinijia kwa mzee huyu. Katika gia ya nguvu ya kwenda mbele, injini huzunguka mara 2.75 kwa kila mzunguko mmoja wa shafti. Katika gia ya kurudi nyuma huzunguka mara 4. Maana yake ni kwamba gari hili lina nguvu nyingi zaidi linaporudi nyuma kuliko linapokwenda mbele, na mlima ambao pua haikuweza kuupanda, tangi likiwa limejaa tele, mgongo uliweza. Pamba ya mikanda ikiwa imelika, ile ya kurudi nyuma aghalabu ndiyo iliyokuwa imetumiwa kidogo kuliko zote, kwa hiyo ilishika vema. Kwa hiyo aliyepanda kinyumenyume alikuwa ameuendea mlima kwa upande ulio na nguvu zaidi wa chombo chake.

Nilimwomba anionyeshe. Hakukubali upesi, kwa kuwa gari si lake. Ni la aila moja ya Mombasa ambayo haipendi kutajwa, na yeye ameaminiwa tu kulihuisha. Aila hiyo ilipotoa idhini tulikwenda asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, na gari likapelekwa hadi Mazeras juu ya lori, maana kulipitisha katika barabara kuu ya Nairobi, kati ya matrela, lingekuwa jambo la hatari bila faida.

Katika njia ya Rabai alisimamisha gari chini ya kilima alichokichagua, akatushusha sote, akainua mto wa kiti cha mbele, akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti chenye alama za kisu. Gari hili halina geji ya petroli. Kijiti kilitoka kimelowa ncha tu, naye akaridhika, kwa maana alikusudia petroli iwe kidogo. Akaenda mbele, akavuta kwa kidole ule waya mdogo ulio kando ya rejeta unaoiziba hewa ya kabureta, akaishika hendeli kwa mkono wa kushoto, vidole vyote vitano vikiwa upande mmoja, akaivuta juu kwa pigo moja. Kidole gumba, alinikumbusha, hakizungushwi hendeli kamwe, wala hendeli haikandamizwi kwenda chini, kwani cheche ikiwahi, injini hurudisha teke, na teke hilo limevunja mikono ya watu wengi duniani. Injini ilishika.

Alianza kwa kwenda mbele, ili nione lile lililokuwa likiwasibu watu. Gari lilipanda kwa gia ya nguvu, likinguruma, mguu wake wa kushoto umekandamiza pedeli mpaka chini wala hauwezi kupumzika, kwa kuwa akiulegeza tu nguvu inakatika. Likafika kama nusu ya kilima, likakohoa mara mbili tatu, likanyamaza. Mzee akavuta breki ya mkono, na kijana wa karakana, ambaye alikuwa akitembea kando na jiwe mkononi, akaliweka nyuma ya gurudumu. Kisha mzee akaliachia gari likateremka polepole mpaka chini, likageuzwa kwa kusukumwa na sisi sote, likiwamo bega la mwendesha bodaboda mmoja aliyesimama kutazama. Likawashwa tena, na safari hii tangi ndilo lililotangulia.

Mzee aliketi ubavu, mkono mmoja usukanini, mwingine ameshika ukingo wa mlango, uso wake wote umeelekea nyuma. Akakanyaga pedeli ya katikati. Gari lilianza kupanda kwa mwendo wa mtu atembeaye bila ya haraka, na mimi niliyekuwa nikitembea kando yake niliona mambo mawili: kwamba sauti ya injini haikubadilika hata kidogo mahali pale pale ilipokuwa imekufa kitambo kilichopita, na kwamba dereva, aliyekuwa sasa anaongoza kwa magurudumu yaliyo nyuma ya safari, kila kosa dogo la usukani lilimpeleka mbali kuliko alivyokusudia, hata ikambidi ausahihishe mwendo wake wakati wote kwa mizunguko midogo midogo ya hadhari. Mvuke ulianza kutoka katika rejeta. Gari hili halina pampu ya maji pia. Maji hupanda yakiwa ya moto na huteremka yakipoa, na katika mwendo wa polepole wa mlima hayapati upepo wa kutosha. Alifika juu, akasimama palipo sawa, akazima, akakaa kimya akingoja maji yapoe. Kwa muda ule hakutaka kuulizwa neno.

Alipoanza kusema alinikatalia sifa moja niliyoitoa kwa furaha yangu, kwamba gari hili ni rahisi. "Mwanangu, mimi sisemi ni rahisi," alisema. "Lina taabu nyingi. Nasema liko wazi. Likikukataa, utafungua na utaiona sababu kwa macho." Akaongeza kwamba magari anayoletewa sasa, makosa yake husomwa kwa kompyuta, na kompyuta humwambia sehemu ya kununua, haimwambii kwa nini sehemu ile ilikufa. Hakuyasema hayo kwa chuki. Karakana yake hula kwa magari hayo hayo, na vijana wake wanaijua hiyo kompyuta kuliko yeye. Lakini ilikuwa dhahiri kwangu kwamba gari jeusi lililo nyuma ya turubali ndilo analolifikiria usiku.

Nilimuuliza kwa nini, ikiwa tangi ndilo lenye ila, Ford hawakuliinua. Alijibu kwamba pampu ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika mbali na mji. Jibu hili lina haki ndani yake, lakini halikunitosha, wala halijanitosha hata sasa, kwa sababu tangi lingeweza kuinuliwa bila ya pampu. Na kweli, katika magari ya mwaka wa 1926, aina nyingi ziliwekewa tangi mbele ya kioo, juu ya injini, petroli ikiendelea kuteremka kwa uzito wake kama kwanza, na mlima ukaacha kuwa adui. Kwa nini iliwachukua miaka kama 17 kulihamisha tangi kwa kadiri ya hatua moja ya mtu, watu ambao kila mwezi walikuwa wakitafuta nukta za kupunguza katika kazi ya kuliunga gari? Labda mnunuzi aliyekwisha kujifunza kupanda kinyumenyume hakulalamika vya kutosha. Sijui fundi mmoja wala mwandishi mmoja aliyenipa jibu la kuniridhisha.

Kuna jambo jingine alilonionyesha, tuliporejea karakanani, ambalo lafaa liandikwe. Usukani wa gari hili uko kulia, na namba ya injini yake imetanguliwa na herufi C. Hayo yote ni kwa sababu halikutoka Marekani. Kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904 huko Walkerville, ng'ambo ya mto kutoka Detroit, ndiyo iliyopewa haki ya kuuza katika makoloni ya Waingereza, na magari ya Model T yaliyokuja pwani yetu yalipita mkononi mwake. Mzee alinivutia taa karibu, akanionyesha skrubu zilizoshika mbao za bodi: vichwa vyake havina mfuo wa bisibisi ya kawaida, bali vina tundu la mraba. Ni ubunifu wa Mkanada, P. L. Robertson, wa mwaka 1908, na kiwanda cha Walkerville kilikuwa mteja wake mkubwa, kwa kuwa bisibisi haitelezi katika tundu la mraba na mfanyakazi huenda upesi. Mzee hakupata bisibisi ya namna hiyo Mombasa nzima. Alichukua msumari mnene, akautia moto, akaupiga pande nne, akausugua kwa tupa mpaka ukaingia. Na skrubu ambazo hazikuguswa kwa miaka mingi zikafunguka bila hata moja kukatika kichwa.

Maarifa haya aliyapata kwa ami yake. Ami huyo, kabla ya vita vya pili, alikuwa dereva wa walowezi huko bara, akiendesha Ford iliyovuliwa bodi yake ya kiwandani na kuvikwa sanduku la mbao lililoundwa na maseremala wa hapa nchini, la kubebea watu, mbwa, mahema na magunia kwa pamoja. Yeye ndiye aliyemwambia mtoto huyo wa nduguye kwamba katika milima mikali abiria walishuka na kutembea, tajiri kwa mtumishi, na dereva akapanda peke yake akiwa amewapa uso wale wanaomfuata kutoka chini. Sikuacha kulifikiri jambo hilo: katika nchi ambayo kila kitu kilipangwa kwa daraja, nani akae mbele na nani nyuma, mlima na tangi la petroli viliwaweka watu wote kwa miguu, na Mwafrika mmoja tu ndiye aliyepanda gari. Kama walioshuka waliliona hilo, hakuna aliyeliandika.

Na hapa ndipo lilipo linalonisumbua kuliko yote. Magari haya mepesi ya Ford yalikuwako Afrika Mashariki tangu vita vya 1914 hadi 1918, pale ambapo mbung'o waliwaua farasi na maksai, na malori mazito yakazama katika udongo wa mvua. Mzigo mwingi ulibebwa vichwani na wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu. Baada ya vita yalienea mashambani na katika biashara. Gari lisilo na pampu, lisilo na geji, ambalo huwashwa kwa mkono, ambalo cheche yake huwahishwa kwa kidole na ambalo huupanda mlima kwa mgongo, haliendi kwa injini peke yake: nusu ya akili yake imo ndani ya mtu. Basi mtu huyo ni nani? Majina ya wenye magari yamehifadhiwa, katika barua zao, katika vitabu vyao vya kumbukumbu na katika picha walizopiga wakiwa wamekanyaga ubao wa mlangoni. Nyuma yao, katika picha hizo hizo, amesimama mtu mwenye kofia na kitambaa cha kufutia mkononi, na chini ya picha limeandikwa jina la mwenye gari, na mara nyingine jina la mbwa.

Ami wa fundi wangu amesalia katika kopo la biskuti. Ndani yake kuna cheti chake cha udereva, kilichokunjwa mara nyingi hata mikunjo ikawa matundu. Pana barua moja ya tajiri wake inayomsifu kuwa mwangalifu. Pana na riveti chache za shaba za kuvikia mikanda. Mzee alinikabidhi kile cheti nikitazame, akakipokea tena kwa mikono miwili. Watoto wake, alisema, wamepata kukiuliza mara moja. Alipowaeleza ni cha nini, walitikisa vichwa kwa heshima wakaendelea na simu zao.

Gari lenyewe lina wa kulitunza. Aila inayolimiliki ina mali na mapenzi, na katika mashindano ya magari ya kale yafanywayo Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, waamuzi wapo wa kulipigia darubini kila nati. Makaratasi ya waliolipandisha milimani hayana mtunzaji. Katika pwani hii, na huko bara, zimo nyumba nyingi ambazo babu au ami alikuwa dereva, utingo au fundi wa magari ya kwanza, na ambamo cheti chake, picha yake, au daftari lake la hesabu za petroli bado limo katika sanduku fulani, likingoja siku ya kufagiwa. Mwenye nyumba kama hiyo namwomba asikitupe kitu hicho hata kiwe kimeliwa na mchwa. Akipige picha pande zote mbili, amuulize mkubwa aliyesalia jina kamili la mtu yule, mahali alipofanya kazi na gari aliloliendesha, ayaandike kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya kando, kisha nakala moja aipeleke katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, au aiweke kwa mwalimu wa shule iliyo karibu naye. Afanye hivyo mwaka huu, madhali mkubwa wa kuulizwa yungali hai.